Wahmong walitoka wapi, na kwa nini baadhi yao huzaliwa na nywele za rangi hafifu?

Swali hili hutufikia mara kwa mara katika idara yetu, na karibu kila mara huja na picha. Mtoto wa milimani amevaa shati jeusi lililotariziwa, uso wake ni wa watu wa Asia ya Mashariki, lakini nywele zake zina rangi ya ndevu za mahindi. Anayeuliza huwa tayari ana jibu mkononi: hawa lazima walitoka Siberia, au Uajemi, au Ulaya, wakapotelea Asia. Mimi hufundisha biolojia ya binadamu na swali lenyewe nalipenda sana. Linalonisumbua ni jibu lililoandamana nalo, maana lina historia ambayo watu wa Maziwa Makuu wameionja kwa uchungu.

Wahmong ni watu wa milima ya kusini mwa China, hasa Guizhou, Yunnan na Sichuan, na ya kaskazini mwa Vietnam, Laos na Thailand. Serikali ya China huwahesabu ndani ya kundi pana liitwalo Miao, ambalo katika sensa ya 2020 lilikuwa na watu takriban milioni 11, na ndani yake wamo wengi wasiojiita Hmong kabisa. Wengi waliohamia Vietnam na Laos waliondoka China katika karne ya 19 wakikimbia mapigano na utawala wa Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China wakati huo. Uasi mmoja tu wa Guizhou ulidumu tangu 1854 hadi 1873. Kisha ikaja vita ya siri ya Laos, ambamo Wahmong wengi chini ya Jenerali Vang Pao walipigana upande wa Marekani. Upande huo uliposhindwa mwaka 1975, makumi ya maelfu walivuka mto Mekong kuingia Thailand, na kutoka kambi kama Ban Vinai wakatawanyika: Minnesota, Wisconsin, California, Ufaransa, Australia, hata Guyana ya Kifaransa, ambako wakulima wa Kihmong wa kijiji cha Cacao hulima mboga zinazouzwa sokoni Cayenne.

Habari kwamba Wahmong walitoka nchi ya barafu ya mbali zilienea kupitia mtu mmoja hasa. François Marie Savina alikuwa padri mmisionari wa Kifaransa, aliyezaliwa 1876, aliyeishi miaka mingi milimani na kuzijua lugha za huko. Wahmong walipoasi chini ya Pa Chay, kati ya 1918 na 1921, utawala wa kikoloni ulimtumia ili awaelewe watu hao na kuwatuliza. Mwaka 1924 alichapisha huko Hong Kong historia ya Wamiao. Aliandika kwamba ngozi yao ni nyeupe kuliko ya majirani, na kwamba baadhi yao wana nywele za kahawia na hata za dhahabu. Alikuwa amesikia pia simulizi za nchi ya kale yenye baridi kali na usiku mrefu. Akaunganisha mambo hayo mawili na kuchora safari ndefu: kutoka Mesopotamia, kupitia Siberia na Mongolia, hadi China.

Savina hakuwa mwongo. Alisikiliza kwa makini, na bila yeye tungekosa mengi kuhusu lugha na simulizi za wakati ule. Lakini aliongozwa na mazoea ya zama zake: ukikuta watu walioonekana kwa jicho la Mzungu kuwa na sura au akili ya kuvutia, unawatafutia babu wa mbali aliye karibu na wewe. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu hawakuwa wenyeji, bali wahamiaji waliotoka kaskazini, upande wa Uhabeshi. Nadharia ile ikaitwa ya Kihamu. Ikaingia shuleni na makanisani, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la mtu kwenye kitambulisho. Msomaji wa Kigali au Bujumbura hahitaji mimi nimweleze ilikofikia. Ndiyo maana nikisikia watu wakipewa asili ya mbali kwa kutazamwa pua, ngozi au nywele, naomba kwanza ushahidi wa aina nyingine.

Hata majina yamewapoteza wengi. Kuna kundi linalojiita Hmoob Dawb, yaani Hmong Weupe, na wapo waliodhani weupe huo ni wa ngozi. Ni weupe wa sketi. Wanawake wa kundi hilo huvaa, katika siku kubwa, sketi nyeupe yenye marinda mengi. Vivyo hivyo, Hmong Weusi wa Sapa, kule Vietnam, huitwa hivyo kwa nguo zao zilizotiwa nili. Jina Hmong nalo limelinganishwa na Mongol kwa sababu tu linasikika hivyo. Katika maandishi yao ya herufi za Kirumi, yaliyobuniwa Laos mapema miaka ya 1950, huandikwa Hmoob: zile o mbili huonyesha sauti inayopitia puani, na b ya mwisho haitamkwi kabisa, inaonyesha toni ya juu, yaani neno hutamkwa kwa sauti ya juu. Lugha ya Kimongolia haina toni hata moja, na haihusiani na Kihmong.

Lugha ndiyo inayotuonyesha njia iliyo sahihi zaidi. Kihmong ni cha familia ya Hmong-Mien, ambayo karibu yote imo kusini mwa China na nchi zinazopakana nayo. Wanaisimu wakilinganisha lugha za familia hii, hupata kwamba msamiati wa mpunga ni wa zamani sana ndani yake, tangu lugha hizo zilipokuwa moja. Hapa msomaji wa Kiswahili atafurahi. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, maneno matatu kwa kitu ambacho lugha nyingi hukiita kwa neno moja. Wahmong nao wana nplej shambani, txhuv kinuni na mov kwenye sahani. Hao ni watu wa mashamba ya mpunga tangu kale, na wataalamu wengi huweka chimbuko la lugha yao katika bonde la mto Yangtze, sehemu ya kati. Kuhusu theluji ya simulizi, nyanda za juu za Guizhou hupata barafu na theluji wakati wa kipupwe. Mtu hahitaji kufika Siberia ili awasimulie wajukuu habari za baridi.

Vinasaba vimesema jambo hilohilo kwa sauti yao. Kuna tawi la kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, linaloitwa O-M7, na wanaume wanaozungumza lugha za Hmong-Mien wanalo kwa wingi kuliko karibu watu wengine wote. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya mifupa ya kale iliyofukuliwa kandokando ya Yangtze. Katika mifupa ya Daxi, mahali palipokaliwa na wakulima zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, tawi hilo lilikuwamo. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha kwamba mtu aliyezikwa Guangxi takriban miaka 500 iliyopita alikuwa na undugu wa karibu na wazungumzaji wa leo wa Hmong-Mien. Upande wa akina mama, Wahmong wana mistari ya nasaba ya kaskazini mwa China mingi kuliko ndugu zao Wamien, jambo linaloeleweka kwa watu walioishi jirani na Wahan, kabila kubwa zaidi la China, na kuoana nao kwa karne nyingi.

Na hapa ndipo hoja ya nywele huanguka. Mtu hurithi vinasaba kwa mabilioni ya herufi, yaani vipande vidogo vinavyopangwa kama maandishi, na mgeni akioa mahali hawezi kuacha nywele zake peke yake. Huacha alama kila upande. Wauighuri wa kaskazini-magharibi mwa China ni mfano mzuri: wapo kati yao wenye nywele na macho ya rangi hafifu, na ukipima vinasaba vyao, karibu nusu vinafanana na vya watu wa magharibi. Kama nywele za Wahmong zingetoka huko, tungekuta mizigo mingine ya safari hiyo. Haimo.

Sisemi simulizi za asili zidharauliwe. Watu wa pwani yetu wamesimulia tangu zamani kuhusu mababu wa Kishirazi, na wasomi wengi wakaona ni majivuno tu. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili ulionyesha kwamba, kuanzia takriban mwaka 1000, wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa hapahapa. Simulizi ilipimwa, na sehemu yake kubwa ikasimama. Simulizi ya Savina imepimwa kwa vipimo hivyohivyo, na haikusimama.

Basi nywele hafifu hutoka wapi?

Rangi ya unywele hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli zilizo kwenye shina lake. Kuna melanini nyeusi na melanini nyekundu-njano, na kiasi cha kila moja huamua kama nywele zitakuwa nyeusi tii, za kahawia, za shaba au za dhahabu. Jeni nyingi hushiriki kazi hiyo, na yoyote kati yake inaweza kubadilika herufi moja, popote duniani, bila mgeni kufika.

Ushahidi bora ninaoujua uko Visiwa vya Solomon, katika Pasifiki. Wenyeji wa huko wana ngozi nyeusi kabisa, lakini kati ya asilimia 5 na 10 wana nywele za dhahabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ni damu ya mabaharia wa Kizungu. Wengine walisema ni jua na maji ya chumvi, au samaki wanaoliwa huko. Mwaka 2012 jarida la Science lilitoa jibu. Herufi moja imebadilika katika jeni iitwayo TYRP1, na badiliko hilo halimo kabisa kwa Wazungu, ambao nywele zao za dhahabu zina sababu nyingine. Watu wawili wasiojuana wamefika kwenye rangi moja kwa njia mbili. Zaidi ya hapo, badiliko la Solomon huonekana tu mtoto akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa na nywele nyeusi tii na wasijue wamebeba kitu.

Sasa fikiria vijiji vya milimani, vidogo, vilivyo mbali na vingine. Wahmong hawaoi ndani ya ukoo wa baba. Vang haoi Vang, hata kama hawajawahi kuonana. Lakini mtoto wa shangazi au wa mjomba ni wa ukoo mwingine, na ndoa kama hiyo imekubalika tangu jadi, kama inavyokubalika katika familia nyingi za pwani yetu. Katika mazingira hayo, badiliko lililojificha vizazi kadhaa linaweza kukutana na mwenzake, na mtoto mmoja kati ya ndugu sita akazaliwa na nywele za rangi nyingine. Mwanaume asimtilie shaka mkewe kwa ajili ya nywele za mtoto.

Weupe wa ngozi uliomvutia Savina nao una maelezo ya hapohapo. Watu wa Asia ya Mashariki walipata ngozi nyepesi kwa mabadiliko yao wenyewe, kwa mfano katika jeni ya OCA2, tofauti na yale ya Ulaya.

Ipo pia sababu ambayo nisingependa mzazi yeyote aikose. Ualbino upo kwa kila kabila duniani, Wahmong wakiwamo, na una aina zake. Katika baadhi ya aina hizo nywele huwa za manjano au kahawia nyepesi, na watu hudhani ni urembo tu. Dalili ziko machoni: macho yanayochezacheza, mwanga unaoumiza, uoni hafifu. Tanzania, ambako inakadiriwa mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino, tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba mtoto huyu anahitaji kofia, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kliniki ya macho mapema.

Na kuna njaa. Mtoto aliyekosa protini akapata kwashakoo hubadilika nywele: huwa laini, nyekundu au za kufifia, na hung'oka kwa urahisi. Akipata lishe nzuri kwa muda, kisha akaikosa tena, unywele mmoja huweza kuwa na mistari ya giza na mwanga, kama bendera. Hali hii haina kabila. Tukitazama picha za kale za watoto waliopitia vita na ukimbizi, kabla ya kuuliza babu zao walitoka wapi, tuulize kwanza walikula nini. Mwisho kuna watoto ambao nywele zao ni nyepesi utotoni tu na hukolea wanapobalehe, na jua la milimani huzififisha zaidi kwenye ncha.

Wahmong wenyewe wana njia yao ya kujibu swali la asili, na haipiti kwenye nywele. Mtoto akizaliwa kijijini, kondo la nyuma huzikwa nyumbani: la mvulana karibu na nguzo kuu ya nyumba, la msichana chini ya kitanda cha wazazi. Sisi husema kitovu cha mtu kimezikwa mahali fulani. Wao wanalichukulia jambo hilo kwa uzito zaidi. Mtu akifa, mwimbaji huimba Qhuab Ke, wimbo wa kumwonyesha njia, na kuitaja roho kila mahali marehemu alipoishi, kwa kurudi nyuma, huku akishukuru kila mahali kwa maji na kuni alizotumia. Mzee aliyefia Saint Paul, Minnesota, huanzishiwa safari Saint Paul. Hurudishwa hadi kambi ya Thailand, huvushwa Mekong kwa mara ya pili, hupandishwa milima ya Laos hadi nyumba alimozaliwa. Hapo huchukua kondo lake, ambalo ni shati lake la kwanza, hulivaa, ndipo huendelea kwa mababu.