Valvu za Vena na Mishipa Ambayo Harvey Hakuiona

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika anatomia katika daftari moja na fiziolojia katika jingine, mgawanyo ambao, kwa maoni yangu, unafaa kwa ratiba ya mitihani tu. Anatomia huchunguza maumbile ya mwili, iwe kwa macho matupu au kwa hadubini, ambapo tawi lake huitwa histolojia. Fiziolojia huchunguza namna maumbile hayo yanavyofanya kazi.

Chukua mfano wa valvu za vena, yaani vilango vidogo ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni. Zilikwisha kuelezwa na mwanaanatomia Fabricius huko Padua, Italia, kabla mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, hajazitafakari upya. Mwalimu aliliona umbo lake vizuri, ila alidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu isijae miguuni. Harvey alitambua kwamba valvu hizo huruhusu damu kuelekea moyoni pekee, kisha akapiga hesabu. Kwa vipimo vya leo, moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 kwa kila pigo, yaani karibu lita 5 kwa dakika, kiasi kinacholingana na damu yote iliyomo mwilini. Kwa kuwa ini haliwezi kutengeneza damu mpya kutokana na chakula kwa kasi hiyo, kama ilivyoaminiwa tangu enzi za Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, damu ileile haina budi kurudi.

Hoja hiyo ilichapishwa mwaka 1628, ilhali njia ya kutoka kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hadi kwenye vena haikuwa imeonwa na mtu. Harvey alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye Mwitaliano Marcello Malpighi alizieleza kapilari, mishipa midogo sana inayounganisha ateri na vena, alizoziona kwa hadubini katika pafu la chura. Ukuta wake ni tabaka moja tu la seli, na ndiyo maana oksijeni hupenya kwa urahisi.

Unene wa ukuta wa moyo nao una sababu yake. Ukipasua moyo wa ng'ombe ulionunuliwa buchani, utaona kwamba ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu, ni mnene kuliko wa kulia, ingawa zote mbili husukuma kiasi kilekile cha damu. Ya kulia hupeleka damu mapafuni, jirani tu, kwa shinikizo dogo. Ya kushoto huipeleka mwili mzima. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu asiyetibiwa, ukuta huo wa kushoto huzidi kunenepa na kukakamaa, hata ventrikali ikashindwa kutanuka vizuri inapopokea damu.