Mchu wa huku na mchu wa kule: vile tunavyozipa majina jamii za mimea

Wiki iliyopita nilishuka kriki ya Tudor hapa Mombasa, upande wa Mikindani, na wanafunzi wawili, ilikuwa bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na maji yameshakupwa mpaka matope yang'aa, na kabla hata hatujafungua futi kamba mmoja akaniuliza swali ambalo mie huulizwa kila mwaka: "Mwalimu, kwani hii yote si mikoko tu, mbona twaigawa gawa?" Sikumjibu hapo hapo. Nilimwambia twende tutembee kwanza, tuanze pale maji yalipoishia tupande mpaka juu kwenye minazi, kisha ndo tuongee.

Neno lenyewe pia huchanganya watu. Mkoko ni mti mmoja, Rhizophora mucronata, wengine wauita mkaka, na hapo hapo mikoko ni msitu wote wa maji chumvi. Kenya kuna spishi 9 za miti hiyo, na wazee wetu wa pwani walikuwa wameshazipa majina zamani: mlilana, mchu, mkandaa, muia, mkomafi, kikandaa na nyinginezo.

Basi tukatembea. Pale chini kabisa ni mlilana, Sonneratia alba, mizizi yake ya kupumulia imesimama kwenye tope minene kama pembe za ng'ombe, na tope la hapo lakula mguu mpaka goti. Tukipanda kidogo tukaingia kwenye mkoko wenyewe na ile mizizi yake iliyopinda kama miguu ya buibui, hapo hutembei, unaparamia tu. Halafu mkandaa, vichaka vya kimo cha mtu vimebanana mpaka humuoni mwenzio. Halafu ghafla pakafunguka, mwanga mwingi, ardhi ngumu imefanya weupe wa chumvi, na michu mifupi mifupi imetawanyika, mizizi yake imechomoza kama penseli. Nikawaambia walambe jani la mchu. Chumvi! Mchu huzuia chumvi kiasi kule mizizini, lakini ile inayopenya hutemwa kwenye majani, na jua likipiga maji hukauka zikabaki chembe unaziona kwa macho yako.

Sasa hapo ndo nikamjibu. Ulichokanyaga si msitu mmoja, ni jamii nne za mimea, yaani mimea inayokaa pamoja mahali pamoja, ndani ya mwendo mfupi tu, na kila moja tunaiita kwa vitu viwili: mti unaotawala, na mahali unapokaa. Vyote viwili. Watu wengi wanashika cha kwanza wanaacha cha pili.

Kutawala tunakupimaje? Tunapiga ploti, yaani mraba wa kupimia, mara nyingi mita 10 kwa 10, tunahesabu kila mti, tunapima unene wa shina kimo cha mita 1.3 toka chini (mkoko ni tofauti manake kimo hicho waweza kuwa bado uko kwenye mizizi, kwa hivyo tunapima juu ya mzizi wa mwisho). Kisha tunaangalia mambo matatu: spishi iko mingi kiasi gani, inatokea kwenye ploti ngapi, na mashina yake ukiyajumlisha yanachukua eneo gani. Kila moja unaigeuza asilimia, unajumlisha, spishi zote pamoja zinafika 300. Njia hii ilitoka kwa wataalamu wawili wa mimea, Curtis na McIntosh, waliitumia kwenye misitu ya Wisconsin huko Marekani mwaka 1951, na mpaka leo twaitumia kwenye matope ya Mombasa. Naipenda kwa sababu inakuzuia kudanganywa na macho: miche mia ya mkandaa yaonekana mingi kweli, lakini mikoko sita minene ndiyo iliyoshika kivuli na ndiyo iliyoshika tope. Wazungu wa Ulaya wanaomfuata mtaalamu wa mimea Braun-Blanquet wao hawahesabu shina moja moja, wanakadiria tu majani ya spishi yamefunika sehemu gani ya ploti na kuipa namba, 5 ikiwa ni zaidi ya robo tatu, halafu wanatafuta ile mimea inayopatikana kwenye jamii hiyo tu na si kwingine. Kwenye nyasi zenye spishi arobaini njia yao ni nzuri sana. Kwenye mikoko, ambapo ploti nzima yaweza kuwa na spishi mbili, haikupi kitu kikubwa.

Lakini kutawala peke yake hakutoshi na mchu ndo ushahidi. Avicennia marina hapa kwetu hukaa mara mbili: iko ile mirefu, minene, inayosimama karibu na maji, wakati mwingine bega kwa bega na mlilana, na iko ile mifupi ya nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Katikati hakuna, au iko michache. Ukienda na orodha ya spishi tu utaandika "jamii ya mchu" mara mbili utadhani ni kitu kimoja, na si kimoja hata kidogo. Mchu wa mbele hufunikwa na maji karibu kila siku, tope lake ni laini, chumvi yake ni kama ya bahari. Mchu wa nyuma huoshwa bamvua kubwa tu, katikati ya hapo jua lakausha maji na chumvi yabaki udongoni, yapanda kupita hata ya bahari yenyewe, ndo maana mti unadumaa. Mti mmoja, makao mawili, jamii mbili.

Mtu aliyeiweka vizuri habari ya maji ni Watson, mtu wa misitu aliyefanya kazi Malaya (Malaysia ya leo), kitabu chake ni cha 1928. Aliigawa mikoko madaraja matano kwa kuhesabu maji yanafika mara ngapi kwa mwezi, chini kabisa mara 56 mpaka 62, juu kabisa mara 2 au chini ya hapo. Mvuvi yeyote wa Tudor akisikia hivyo ataelewa papo hapo, manake yeye maisha yake ni bamvua na maji mafu, yale madogo.

Na si baharini tu. Ukienda msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, jina ni moja lakini jamii ni tatu, na kinachozitenganisha ni udongo. Kwenye mchanga mweupe unakuta mrihi, Brachystegia spiciformis, msitu wazi jua lapenya. Unaendelea na njia, mchanga unageuka mwekundu, na miti nayo inageuka, unaingia kwenye Cynometra webberi, kichaka kizito ambacho ndani yake ndo anakaa yule bundi mdogo wa Sokoke. Sehemu ya tatu ni mchanganyiko, huko ndo utaona mbambakofi. Bundi yule hasomi ramani lakini mpaka anaujua, ukimtafuta kwenye mrihi utachoka bure.

Wafanyabiashara wa miti nao wana mpangilio wao, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, lakini huo wapima unene wa mti uliokwisha katwa. Ni mpangilio mzuri kwa mjenzi. Hauwezi kukwambia mti ulitoka wapi wala upande wapi.

Na hapa pa kupanda ndo pananiuma. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kuangalia mradi mmoja, sitautaja, walikuwa wamechomeka mbegu za mkoko kwa maelfu kwenye uwanda wa chumvi ule wa nyuma, zimepangwa mistari kama mahindi, fulana zimechapishwa, picha zimepigwa. Sababu ya kuchagua hapo ilikuwa ni pakavu, watu wanafika na viatu. Sababu ya kuchagua mkoko ni kwamba mbegu yake ni ndefu kama fimbo, unaokota tu unachomeka. Mzee mmoja aliyekata boriti ujanani alikuwa amesimama pembeni, akanivuta mkono akaniambia, "Mwanangu, hapa si pa mkoko. Hapa maji hayaji ila bamvua. Hapa ni pa mchu." Nilimwambia, "Mzee, ni kweli kabisa," na nikaandika hivyo kwenye ripoti. Niliporudi baada ya miezi minne zilikuwa zimebaki fimbo kavu, na nguvu za wale kina mama waliopanda zimepotea bure. Yule mzee hajasoma ekolojia, lakini aliisoma ile jamii sawasawa, mti na mahali pake kwa pamoja.

Makao nayo hubadilika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kwenye kriki ya Mwache, tope likazika mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa eneo kubwa. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo ingeendelea kusema mkoko, wakati pale mahali pameshainuka na pamekuwa pengine.

Kuna mabishano ya zamani kama hizi jamii zipo kweli au ni sisi tunazichora. Wataalamu wawili wa mimea wa Marekani walipingana: Clements mwaka 1916 alisema jamii ya mimea ni kama kiumbe kimoja, kinazaliwa, kinakua, kinakomaa. Gleason mwaka 1926 akakataa, kila spishi yaenda kivyake, zikikutana ni kwa sababu mahali pale panazifaa zote. Mie nimeshinda matopeni miaka mingi na naona Gleason yuko karibu zaidi na ukweli, mpaka wa mkoko na mkandaa haujawahi kuwa ukuta. Lakini msimamizi wa msitu hawezi kufanya kazi na mabadiliko ya pole pole yasiyo na jina, kwa hivyo tunachora mstari, na palipochanganyika tunaandika majina yote mawili badala ya kulazimisha mshindi.

Ploti ya saba siku ile ilikuwa hivyo hasa, mkandaa umezidi kwa idadi, mkoko umezidi kwa unene, hesabu zimekaribiana. Nikamuachia fomu yule kijana aliyeuliza. Akatazama mizizi, akainama kuangalia tope limefika wapi kwenye mashina, akauliza mwezi ni wa siku ngapi, kisha akaandika: mkandaa na mkoko, maji ya kati.