Samaki wa kubanika huchaguliwa asubuhi

Kazi yangu ni uhifadhi wa samaki, na familia ninazozitembelea zaidi ni zile zenye meza sokoni na jiko la moshi uani. Kaskazini mwa Pemba, katika soko la Tumbe, mpango wa familia za namna hiyo unafahamika: wanaume hununua mnadani vyombo vinapofika dikoni, meza huuza mpaka mchana, na samaki wanaobaki alasiri hupelekwa kwa mama wakabanikwe. Kwa hesabu ya siku moja mpango huo ni mzuri, kwani hatupwi samaki hata mmoja, lakini ndani yake mna kasoro ambayo jiko haliwezi kuiondoa.

Kasoro hiyo huwahusu hasa vibua, sehewa, jodari na nguru. Nyama ya samaki hawa ina histidini nyingi (moja ya chembe zinazojenga protini), na wakikaa katika joto, bakteria wanaotoka kwenye mashavu na matumbo huigeuza kuwa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji. Meza isiyo na barafu, hasa wakati wa kaskazi, inatosha kabisa kuifanya kazi hiyo kwa saa chache. Moto utawaua bakteria wenyewe, ila histamini iliyokwisha kujijenga haiondolewi na moto, moshi wala chumvi. Codex, yaani mwongozo wa kimataifa wa viwango vya chakula, umeweka ukomo wa miligramu 200 kwa kilo ya samaki, na samaki anaweza kuuvuka ukomo huo bila ya kunuka. Mlaji wake uso humwiva, kichwa humgonga na mwili humwasha, mara nyingi kabla hata saa mbili hazijapita, kisha watu wa nyumbani husema kwamba samaki huyo hamchukui.

"Mwanangu, moshi huu unaua kila kitu," aliniambia mama mmoja mwenye jiko, naye kwa upande wa nzi na funza hakukosea. Tulimpasua kibua mmoja wa alasiri: tumbo lilikuwa limelegea, mifupa ya mbavu imechomoza nje ya nyama, na damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo imegeuka kahawia. Samaki wa hali hiyo akibanikwa hupata rangi nzuri ya dhahabu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fungu la jiko litengwe asubuhi ile ile, kabla meza haijafunguliwa. Samaki watolewe matumbo na mashavu, waoshwe kwa maji safi (si yale ya ufukweni penye vyombo), kisha wawekwe ndani ya deli kwa kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki mpaka moto uwe tayari. Wenye meza hulalamika kwamba samaki wa asubuhi ndiye mwenye bei, na wanasema kweli. Mimi huwajibu kwamba kusi likichafuka na vyombo vikilala pwani, aliyebanikwa vizuri ndiye atakayebaki mezani.

Kuhusu kuni sina mengi. Vifuu na makumbi makavu yanafaa, mikoko iachwe baharini, na mbao zenye rangi zisiingie jikoni kamwe. Linalosahaulika ni mafuta: yakidondokea makaa, moshi wake hubeba benzopairini, kemikali inayosababisha saratani, na ndiyo maana napenda bati la kuyakinga liwekwe chini ya chanja. Majiko ya Chorkor, yaliyoanzia Ghana, yana trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, hivyo moto mmoja hukausha samaki wengi na kuni hupungua.

Samaki wakishatoka jikoni wapoe kabisa kabla ya kufungwa. Wakifungwa na moto wao hutoka jasho, na ukungu huanzia pale ngozi zinapogusana. Mifuko ya plastiki kwetu imepigwa marufuku, na kwa kazi hii hatujapoteza kitu, kwa sababu pakacha lililotandikwa karatasi safi hupitisha hewa kuliko mfuko wowote.