"Ninyi mnasoma tu": yanayosemwa Moshi kuhusu liturgia na sakramenti, na ukweli wake

Jumamosi asubuhi watoto wa darasa langu la kipaimara hapa Moshi hufika na daftari, Biblia na maneno waliyoyaokota wiki nzima: shuleni, kwenye daladala, kwa majirani. "Mwalimu, eti sisi Walutheri tunasali kwa kusoma, kwa hiyo Roho Mtakatifu hayupo?" Nawaandikia wao, pamoja na wazazi wao, ambao huniuliza hayo hayo pembeni kwa sauti ya chini.

"Liturgia ni desturi ya wazungu"

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote. Ni kweli wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, huku Kilimanjaro, mwaka 1893, na mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshatangulia Kilema. Ni kweli pia walikuja na liturgia, yaani utaratibu wa ibada ulioandikwa, mikononi. Lakini wao wenyewe waliupokea kutoka kwa waliowatangulia.

Karibu mwaka 155, Yustino, mzaliwa wa Palestina aliyefundisha Roma, alimwandikia kaisari kumweleza Wakristo hufanya nini siku ya Jumapili. Husomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Kiongozi huhubiri. Wote husimama na kuomba. Huletwa mkate, divai na maji, kiongozi hushukuru, watu huitikia "Amina", na mashemasi huwapelekea wale ambao hawakuweza kuja. Wenye nacho hutoa kwa hiari, na kinachopatikana huwatunza yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nikiwasomea watoto habari hizi bila kutaja mwaka, hudhani ninasimulia ibada ya Jumapili iliyopita.

Hapo kwenye sadaka naomba nikae kidogo. Kwetu ibada ikiisha, watu hubaki uwanjani kwa mnada: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Wapo wanaoona ni biashara imeingia kanisani. Mimi naona kinyume chake. Wakristo wa karne za kwanza walileta mkate na divai kutoka majumbani mwao, na meza ya Bwana iliandaliwa kwa vitu hivyo. Mama aliyeubeba mkungu wake alfajiri kutoka kihambani, shamba la migomba la ukoo, anatoa kwa namna ya kale kabisa, maana analeta kazi ya mikono yake yenyewe mbele za Mungu, na asiye na shilingi mfukoni naye ana cha kutoa.

Halafu kuna Afrika yenyewe. Mwandishi wa kwanza tunayemfahamu kulitumia neno la Kilatini *sacramentum* kwa ubatizo ni Tertuliano wa Karthago, katika Tunisia ya leo, karibu mwaka 200. Neno hilo lilitumika kwa kiapo cha askari. Ile "Inueni mioyo" na jibu lake "Tumeiinua kwa Bwana" imo katika maandishi ya Sipriano, askofu wa Karthago hiyo hiyo, katikati ya karne ya tatu. Na orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, tunaikuta kwa mara ya kwanza katika barua ya Pasaka aliyoandika Athanasio wa Aleksandria, Misri, mwaka 367. Kufikia hapo Kanisa lilikuwa limeumega mkate kwa zaidi ya miaka 300. Anayeniambia "mimi nataka Biblia tu, liturgia sitaki" humuuliza: hivyo vitabu vilitunzwa wapi na kusomwa wapi miaka yote hiyo, kama si ibadani?

"Sala iliyoandikwa haitoki moyoni"

Bwana wetu msalabani alisali Zaburi: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, uliokuwepo karne nyingi kabla yake. Sijasikia mtu akisema maneno yale hayakutoka moyoni.

Nimesimama kwenye makaburi mengi migombani, maana sisi huzika kihambani. Anayesali vizuri kwa maneno yake siku nyingine zote, siku ya kumzika mwanawe hana neno. Hapo mchungaji husema lililokwisha kusemwa kwa baba na babu yake, "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi", na Baba Yetu huanza. Hata waliohama kanisa miaka kumi iliyopita huitikia, kwa sababu walifundishwa wakiwa wadogo na maneno hayakuwatoka. Sala ya papo kwa papo naipenda na huiomba kila siku. Siwezi tu kukubali kwamba ndiyo pekee yenye Roho.

"Maji ya kichwani si ubatizo, na mtoto hajui lolote"

Didake, mafundisho ya kale sana ya Kanisa, inasema batiza katika maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, maji mengine. Na yote yakikosekana, mwaga maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kuhusu watoto tuseme kweli yote: Tertuliano alishauri wacheleweshwe. Lakini hawezi mtu kushauri kitu kicheleweshwe kama hakifanyiki. Miaka hamsini hivi baadaye Sipriano na maaskofu wenzake wakaamua kwamba mtoto asingojeshwe hata hadi siku ya nane.

"Kipaimara ni mahafali"

Turubai, keki, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), suti mpya, mshereheshaji. Siichukii sherehe, mtoto kushangiliwa na ukoo mzima ni jambo jema. Kinachoniumiza ni Jumapili inayofuata, nikitazama benchi lao likiwa tupu. Neno lenyewe linasema: kipa-imara, kinachompa mtu uimara. Kwa Wakatoliki ni mojawapo ya sakramenti saba. Sisi Walutheri tunahesabu mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na kwetu kipaimara ndicho kinachomkaribisha mtoto mezani. Mtu hakaribishwi mezani ili aondoke.

"Kukaa mbali na Meza ndiyo heshima"

Wengi wa rika langu tulilelewa hivyo: Chakula cha Bwana ni mara chache, tena kwa waliokamilika. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani la Walutheri, linasema Walutheri wanasingiziwa kuwa wamefuta Misa, na utetezi wake uliofuata unaeleza kuwa Misa ilifanyika kila Jumapili na sikukuu. Luther katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, anasema anayestahili ni yule anayeyaamini maneno haya: "umetolewa kwa ajili yenu."

Paulo anapowaonya Wakorintho kuhusu kula isivyostahili, somo linataja kosa lao waziwazi: kila mmoja alitangulia kula chakula chake, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Walikuwa wamemdharau ndugu mezani. Didake nayo inasema wenye ugomvi wapatane kwanza, ndipo wajiunge na wenzao.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu alikaa bila kushiriki kwa miaka, kwa sababu ya mpaka wa kihamba kati yake na shemeji yake. Aliniambia, "Mwalimu, mimi si msafi." Nilimsomea Mathayo 5, pale sadaka inapoachwa mbele ya madhabahu ili mtu aende kwanza akapatane na nduguye. Alinyamaza. Mpaka wenyewe ulikuwa umepandwa masale, mimea ya majani marefu, kama mipaka yetu yote, na jani la sale ndilo Mchaga analobeba anapokwenda kuomba msamaha. Alilichuma pale pale kwenye mpaka waliougombania, akavuka nalo.

Pasaka ile walipiga magoti wakiwa wamefuatana, shemeji mbele, yeye nyuma yake.