Mnyama wa faraja Marekani: nani anastahili kisheria?

Jirani yangu hapa Texas anaishi na paka kwenye jengo lisiloruhusu wanyama. Anasema ni mnyama wa faraja, yaani anamfuga kwa ajili ya afya ya akili. Kweli inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, ikiwa anatimiza masharti. Sheria ya shirikisho ya haki katika makazi ya mwaka 1968 ilirekebishwa mwaka 1988 ili iwalinde pia watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye maradhi ya akili. Mwenye nyumba anatakiwa kulegeza kanuni zake pale ulemavu wa mpangaji unapohitaji hivyo, na marufuku ya wanyama ni mojawapo ya kanuni hizo.

Mnyama lazima awe amefunzwa?

Hapana. Mbwa, paka, hata sungura wa kawaida anafaa. Anayepimwa ni wewe. Kwanza, uwe na hali ya mwili au akili inayokukwaza kwa kiasi kikubwa katika shughuli za msingi za maisha: kulala, kutuliza fikra, kufanya kazi, kujihudumia. Pili, mnyama huyo awe anapunguza makali ya hali hiyo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kumpenda paka wako, hata sana, hakutoshi. Upweke wa wiki mbili baada ya kuhamia mji mgeni nao hautoshi. Ila sonona inayokufungia ndani siku nzima, au kiwewe kinachokukurupusha usiku, jambo wanalolijua vizuri baadhi ya ndugu zetu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, ni habari nyingine. Kuna wanaopata nguvu ya kuamka asubuhi kwa sababu tu mbwa anasubiri kulishwa na kutolewa nje. Hilo halichukui nafasi ya dawa wala ya vikao na mtaalamu. Huenda navyo pamoja.

Nani anathibitisha?

Mtaalamu wa afya mwenye leseni anayekufahamu: daktari, mwanasaikolojia, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayetoa tiba. Barua yake ieleze kwamba una ulemavu na kwamba mnyama anakusaidia kukabiliana nao. Si lazima itaje jina la ugonjwa, na mwenye nyumba hana haki ya kudai faili lako la hospitali. Majimbo mengine yameongeza masharti. California, tangu Januari 2022, mtaalamu lazima awe amekuhudumia kwa angalau siku 30 kabla ya kukuandikia barua ya mbwa wa faraja.

Kuna tovuti zinauza cheti, kitambulisho na koti la mbwa. Ninunue?

Usinunue. Serikali ya shirikisho haina daftari la kuandikisha wanyama hawa, kwa hiyo cheti hicho hakikupi haki yoyote. Kwa maoni yangu biashara hii imewaumiza wagonjwa wa kweli, maana sasa kila barua inatiliwa shaka.

Mwenye nyumba anaweza kunitoza amana ya mnyama?

Hapana, wala ada ya kila mwezi. Mnyama akitafuna mlango, hiyo utalipa. Anaweza pia kumkataa mnyama mwenye rekodi ya kung'ata watu. Na zipo nyumba zisizobanwa na sheria hii, kama jengo lenye familia zisizozidi nne ambamo mmiliki mwenyewe anaishi.

Na kwenye ndege au supamaketi?

Huko haki hiyo haifiki. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege ya Marekani yanaruhusiwa kumhesabu mnyama wa faraja kama mnyama wa kawaida, pamoja na nauli yake. Maduka na migahawa hutakiwa kumpokea mbwa wa huduma, yaani aliyefunzwa kazi mahususi, kwa mfano kumwamsha mtu mwenye jinamizi au kumkumbusha dawa. Mbwa wa aina hiyo hulindwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990.

Nikikataliwa bila sababu?

Maombi yako yawe kwa maandishi, na utunze nakala. Malalamiko hupelekwa bila malipo kwenye wizara ya makazi ya shirikisho, HUD, kabla ya mwaka mmoja kupita tangu ulipokataliwa. Kwa kesi ya mahakamani una miaka miwili.