Xiao: wajibu wa mtoto kwa wazazi, ambao si utii peke yake

Alama ya Kichina inayosomwa xiao ina vipande viwili: juu kipande cha alama ya mzee, chini alama ya mtoto. Wafasiri wa kale waliieleza kuwa ni mtoto aliyemtegemeza mzee. Dhana yenyewe ni pana kuliko picha hiyo. Ndani yake mna kuwalisha na kuwauguza wazazi, kuwastahi, kujiepusha na aibu itakayowarudia wao, kuendeleza ukoo, kuwazika inavyostahiki na kuwakumbuka wakishaondoka. Wakorea huiita hyo, Wajapani ko. Anayeitafsiri kuwa "utii kwa wazazi" ameshika kipande kimoja tu, tena kile kinacholeta matatizo mengi zaidi.

Confucius, mwanafalsafa wa China aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo, alilalamika kwamba watu wa zama zake walidhani xiao ni kumpa mzazi chakula. Hata mbwa na farasi hulishwa, alisema. Pasipo heshima, tofauti iko wapi? Mahali pengine alisema kilicho kigumu ni uso. Hoja hii ina uzito mpaka leo. Mtoto anaweza kuleta dawa kwa saa yake na kufua shuka kila siku, lakini akifanya hayo amekunja uso, mzee hupata ujumbe kwamba yeye ni mzigo. Ndipo huanza kuficha maumivu na kuacha kuomba msaada, na ugonjwa hugunduliwa ukiwa umeshakomaa.

Je, mtoto amfuate mzazi hata anapokosea? Xiaojing, kitabu kifupi cha sura 18 kinachohusu dhana hii peke yake, kina jibu katika sura ya 15. Mwanafunzi anauliza iwapo kufuata amri za baba ndiyo xiao, na mwalimu anashangaa swali lenyewe: baba akielekea kutenda lisilo la haki, mwana hana budi kumnasihi. Maandiko ya kale yanaeleza na namna ya kufanya hivyo. Sauti iwe ya chini na uso uwe mkunjufu. Mzazi asipokubali, heshima izidi, kisha jambo lirudiwe siku moyo wake umetulia. Wanaosema xiao ni kukaa kimya hawajafika sura hiyo.

Hata hivyo, kwa karne nyingi utii ndio uliotiliwa nguvu, kwa sababu ulizifaa dola. Sheria za nasaba ya Tang, ukoo wa wafalme uliotawala China zamani, ziliweka ukosefu wa xiao miongoni mwa maovu kumi makubwa. Hadithi za kuwafunza watoto nazo zilipita kiasi. Mojawapo inamsifu Guo Ju, aliyetaka kumzika mwanawe akiwa hai ili chakula kimtoshe mama yake. Mwaka 1926 mwandishi Lu Xun alieleza jinsi hadithi hiyo ilivyomtisha utotoni.

Mwaka 2003 wanasaikolojia Kuang-Hui Yeh na Olwen Bedford walitenganisha aina mbili za xiao kwa kielelezo kinachotumiwa sana katika utafiti. Ya kwanza ni xiao ya kurudishiana: mtoto hutunza kwa sababu alitunzwa na kwa sababu anapenda. Confucius mwenyewe aligusa hoja hii alipotetea maombolezo ya miaka mitatu, kwa kuwa mtoto naye hubebwa mikononi miaka mitatu. Ya pili ni xiao ya mamlaka: mtoto hutunza na kutii kwa sababu cheo chake katika familia kinamlazimu, hata kwa kuzima matakwa yake. Si kwamba watu wamegawanyika makundi mawili. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote kwa kiwango kikubwa, na kila moja hupimwa peke yake.

Kwa jumla, ile ya kurudishiana huandamana na ukaribu zaidi kati ya mzazi na mtoto, kuridhika na maisha na dalili chache za sonona. Ile ya mamlaka ina matokeo mchanganyiko, na mara nyingi huonekana pamoja na wasiwasi na mfadhaiko, hasa pale ambapo ile ya kwanza ni hafifu. Sababu si ngumu kuiona. Tendo la nje ni lilelile, tuseme kumpeleka mama kliniki, lakini mmoja amelichagua na mwingine anaogopa lawama. Aliyechagua anaweza kusema "leo nimechoka, twende kesho" na uhusiano usitikisike. Mwenye hofu hawezi. Huenda, hununa, hujilaumu kwa kununa, na chuki hujijenga kidogo kidogo mahali ambapo upendo ulikuwapo. Ukitaka kujua ni ipi inayoendesha nyumba fulani, angalia kinachotokea mtoto anapokataa jambo dogo.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Sera ya mtoto mmoja nchini China, iliyodumu mpaka 2015, iliacha kile Wachina wanachokiita nne-mbili-moja: mababu na mabibi wanne, wazazi wawili, mtoto mmoja. Wajibu uliokuwa wa ndugu watano umemwangukia mmoja, pengine anayefanya kazi mji wa mbali. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inawataka wanafamilia wanaoishi mbali wawatembelee wazee au kuwajulia hali mara kwa mara. Singapore ilitunga sheria ya matunzo ya wazazi mwaka 1995. Mzazi wa miaka 60 au zaidi asiyeweza kujikimu anaweza kudai matunzo mbele ya baraza maalumu. Sheria hufaa kwa fedha. Uso mkunjufu hauamriwi na hakimu.

Kwenye ndugu wengi, kinachovunja familia mara nyingi ni mgawanyo usiotajwa. Matunzo yana sehemu tatu: fedha, muda wa mwili (kuogesha, kukesha, kupika) na maamuzi. Kwa kawaida aliye mbali hutuma fedha na kubaki na maamuzi, huku aliye karibu, mara nyingi binti au mke wa mwana, akibeba muda wote bila kauli. Heri sehemu hizo ziandikwe mapema, mzee mwenyewe akiwapo, na anayeogesha apewe kauli ya kwanza kuhusu ratiba na dawa. Mzee naye aachiwe kazi anayoiweza, hata kama ni kukunja nguo au kusimamia masomo ya wajukuu, kwa kuwa anayepokea tu bila kutoa huanza kujiona hana nafasi nyumbani mwake.