Kinu cha nyuklia si bomu, ila ulizia maji

Juzi mzee mmoja wa Bahi, akisubiri eksirei hapa Dodoma, aliwaambia wenzake kwenye benchi kwamba tukijenga kinu cha nyuklia, siku kikiharibika mji wote utalipuka kama Hiroshima. Benchi zima likaitikia. Kazi yangu ni usalama wa mionzi, na maneno haya yamenichosha: watu wanaogopa kisichoweza kutokea, kinachoweza kutokea hawakiulizi.

Urani, madini ambayo ni fueli ya kinu, ikitumiwa kwa bomu hurutubishwa, yaani sehemu yake inayopasuka kirahisi huongezwa, hadi karibu asilimia 90. Ya vinu vingi vya umeme ni asilimia 3 hadi 5, na hiyo hailipuki kama bomu hata ufanye nini. Chernobyl, Ukraine, Aprili 1986, nguvu ya kinu ilipanda ghafla, mvuke ukakipasua, moto ukabeba mionzi hadi nchi za mbali. Fukushima, Japani, Machi 2011, kilicholipua majengo ni gesi ya hidrojeni.

Hatari yenyewe ni joto. Ukishaepua ugali, mkaa haupoi pale pale. Kinu nacho kikizimwa, mabaki ya atomi zilizopasuka huendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 au 7 ya lile la awali. Kinu cha megawati 1,000 za umeme huzalisha joto la megawati 3,000 hivi. Kwa hiyo hata baada ya kuzimwa kuna takriban megawati 200 zinazodai maji ya kupoza muda huo huo. Fukushima vinu vilijizima vizuri tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ikazamisha jenereta, pampu zikasimama, fueli ikayeyuka.

Kwa hiyo uliza: maji yatatoka wapi, na gridi ikizima, pampu zitaendeshwa na nini? Sisi wa Dodoma, tunaoishi na mgao wa maji na matetemeko ya Bonde la Ufa, tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Wengine husema mionzi ikivuja wote hufa papo hapo. Chernobyl, wafanyakazi na wazimamoto 28 walikufa kwa ugonjwa wa mionzi mwaka ule. Watoto waliugua saratani ya tezi ya shingo miaka ya baadaye, wengi kwa kunywa maziwa yenye iodini 131, ndugu yenye mionzi ya madini joto ya kwenye chumvi. Nusu yake hupotea kila siku 8, kwa hiyo kuwanyima watoto maziwa yale wiki za mwanzo kungewaokoa wengi. Hilo ningelifundisha kila shule. Kubugia chumvi hakukingi kitu.

Na eksirei haimwachii mtu mionzi mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha, kama taa. Mama, mlete mtoto apigwe picha ya kifua.

Kuhusu urani iliyotafutwa Bahi na Manyoni, ikiwa ardhini haiwezi kujilipua. Ikichimbwa, shida ni vumbi, gesi yenye mionzi iitwayo radoni na maji machafu ya mgodi. Mkulima wa mpunga Bahi ana haki ya kuoneshwa, kabla ya shimo la kwanza, maji hayo yataelekea wapi.